Urume: Historia ya Neno na Watu Wake

Ukitoka Embu mjini kwenda Manyatta, barabara inapanda. Migomba na kahawa ya Ngandori inakupokea, kisha kahawa inapisha majani chai, na chai nayo inakomea msituni, kwenye mabega ya Mlima Kenya. Katika vijiji vya huku kumsifu kijana hakuhitaji maneno mengi. Akilipa deni aliloachiwa na marehemu baba yake bila kusukumwa, au akisimama barazani na kumwambia mkubwa aliyekosa kwamba amekosa, wazee husema kijana huyo ana urume. Si misuli wanayoisifu, wala si ndevu.

Neno hilo limetoka mbali. Mwanamume kwa Kiembu ni mundu murume, na kwa Kimeru ni ntomurume, yaani maneno muntu murume yaliyotamkwa kwa pumzi moja. Mzizi wake ni wa zamani kuliko makabila yetu, kwa sababu umetapakaa karibu kila mahali walikofika Wabantu: Mshona wa Zimbabwe anasema murume, Mbemba wa Zambia anamwita mume wa mtu umulume, na Mkamba, jirani wa ng'ambo ya Tana, anasema mundu ume. Kiswahili kimedondosha konsonanti ya katikati kikabaki na mume, kiume na uume. Lakini ukiangalia ndume utaikuta konsonanti ile ya kale bado imejificha nyuma ya n. Mwembu anaposema murume na Mswahili wa Lamu anaposema mume, wote wawili wamerithi kwa babu mmoja.

Pembeni ya urume lipo neno njamba. Njamba ni shujaa, na njamba pia ni jogoo. Waliolitumia kwanza walimtazama jogoo anavyokaa kati ya kuku wake na mwewe, wakaona jina linamfaa mtu anayesimama mbele ya hatari kwa ajili ya wengine. Jirani zao Wagikuyu wana methali fupi, Njamba ti ikere: shujaa si unene wa miguu. Aliyeitunga alikwisha kuona wanene wengi wakikimbia.

Kuita ushujaa kwa jina la mwanamume si jambo la huku peke yake. Warumi walitoa virtus kwenye vir, mwanamume, na Wagiriki wakatoa andreia kwenye neno lao la mwanamume. Waarabu wa kabla ya Uislamu walisifu muruwa, sifa iliyokusanya ukarimu, subira na kutunza ahadi. Kila jamii iliyounda neno la namna hiyo ililazimika kujibu swali lile lile: je, sifa hiyo mtu huzaliwa nayo, au hufundishwa? Watu wa mlima huu walijibu kwamba hufundishwa, na historia yao yote inaonyesha jinsi mafundisho hayo yalivyojengwa, yalivyovunjwa, na yanavyotafutwa tena leo.

Wameru wanaanzia hadithi yao pwani. Wanasimulia kwamba wazee wao waliishi Mbwaa, kisiwani, chini ya utumwa wa watu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Wapo wanahistoria wanaopaelekeza Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Mabwana hao waliwapa watumwa wao mitihani isiyowezekana. Waliwaambia walete kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wakawaambia walitoe tunda lililo ndani ya shimo refu bila kulichoma. Aliyewaongoza watu wakati huo, anayeitwa Koomenjoe katika masimulizi mengi, aliyajibu kwa akili. Kiatu kilikatwa kwenye ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, ambayo ina manyoya huku na huku. Shimo lilijazwa maji na tunda likaelea lenyewe hadi juu. Mwishowe wakadaiwa mkuki unaofika mbinguni, na hapo Koomenjoe akajua kwamba saa ya kuondoka imewadia. Wakavuka maji, na mpaka leo koo za Meru hujitaja kwa rangi za saa walizovuka: Njiru, Weusi, waliovuka usiku, Ntune, Wekundu, waliovuka alfajiri, na Njeru, Weupe, waliovuka jua limekwisha kutoka.

Shujaa wa kwanza katika kumbukumbu ya Meru, basi, hakuua mtu. Aliwatoa watu wake utumwani wakiwa wazima. Jambo hili ni la kushikwa tangu mwanzo, maana baadaye walikuja watu walioandika juu ya urume wa Kiafrika kana kwamba ulikuwa mkuki mtupu.

Mkuki ulikuwepo, na ulikuwa na shule yake. Jina la Manyatta lenyewe linakumbusha ujirani wa zama hizo, kwa kuwa ni neno la Kimaasai: emanyatta ni makazi ya moran, vijana wa vita wanaolinda jamii na mifugo. Na moran, ol-murrani kwa Kimaasai, ni jina linalotokana na tohara. Kwa Wameru vijana wa vita waliitwa nthaka, na walilala pamoja katika gaaru, nyumba kubwa ya mviringo iliyosimamishwa kwa magogo mazito, mbali kidogo na nyumba za wenye familia.

Mlango wa kuingilia huko ulikuwa jando. Alfajiri mvulana aliteremshwa mtoni, maji ya mlimani yakiwa baridi ya kukata mifupa, akaoga. Akapandishwa uwanjani, msimamizi wake akiwa nyuma yake, na watu wa kwao wakimtazama usoni. Ngariba alipofika, uso ule haukutakiwa kukunjamana wala jicho kupepesa. Watu walikuwa wakipima kitu kimoja: je, huyu anaweza kuumia bila kuwageuzia wengine maumivu yake? Akishindwa, aibu haikuwa yake peke yake. Msimamizi wake na nyumba yao waliibeba pia.

Lakini kisu kilikuwa cha dakika chache. Mafundisho yalikuwa ya miaka. Wazee waliohojiwa na mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyeandika historia ya vita vya Wameru, walieleza kanuni zilizombana nthaka kila upande. Hakuoa wakati wa utumishi wake. Hakwenda kuteka ng'ombe bila baraka za wazee. Adui aliyezidiwa aliweza kusalimu amri kwa ahadi ya ng'ombe, na mshindi wake alipaswa kumlinda hadi fidia ifike. Juu ya hayo ulikuwepo undugu wa gishiaro kati ya jamii na jamii, ambao uliharamisha kabisa kumdhuru mwenzako wa kiapo au kumnyima anachoomba. Kijana aliyeua ovyo hakuitwa njamba. Aliitwa tatizo, na wazee wake walimtafutia dawa.

Kisha zamu yake ya mkuki iliisha. Rika lililofuata liliingia gaaru, naye akaoa, akajenga, akaanza kupimwa kwa mizani nyingine: ghala lake, watoto wake, jinsi alivyoishi na majirani. Akizeeka kwa heshima aliingia baraza za wazee, ngazi kwa ngazi, na wachache walifika Njuri Ncheke, Njuri nyembamba, iliyochujwa. Huko silaha ilikuwa neno. Mzee aliyepaza sauti yake au kupokea hongo alikuwa amepoteza urume wake kama nthaka aliyetupa ngao. Kwa hiyo urume ulikuwa kazi yenye zamu tatu, mkuki, familia na neno, na kila zamu ilikuwa na walimu wake.

Mwaka 1906 zamu hizo zilijaribiwa. Waingereza walikwisha kujenga boma Nyeri mwaka 1902 na kuwapiga watu wa Ndia mwaka 1904. Waembu walikuwa bado hawajainama kwa mtu. Katikati ya mwaka 1906 kikosi cha askari wa King's African Rifles kiliingia Embu kikiwa na bunduki. Waembu walipigana kwa mikuki, pinde na sime kwenye mabonde wanayoyajua, na wakashindwa kama walivyoshindwa wengine wengi mbele ya risasi. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na boma la serikali likasimamishwa mahali ambapo leo ni Embu mjini.

Habari zilivuka mito zikafika Meru. Punde baadaye alifika huko ofisa mmoja Mwingereza, Edward Horne, mtu mfupi asiyechoka kutembea, ambaye Wameru walimwita Kangangi, kadogo kanakozurura. Vijana wengi walitaka vita. Wazee walikataa. Walikuwa wamewaona wakimbizi na kusikia habari za bunduki, wakaamua kumpokea, na mwaka 1908 boma la Meru likaanza bila vita kubwa kama ile ya Embu.

Watoto wa shule wamewahi kuulizwa ni nani aliyekuwa mwanamume kati ya hao wawili, Embu aliyepigana au Meru aliyezuia vijana wake. Swali hilo halina haki. Kiswahili kinasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na methali hiyo ina huzuni ndani yake, si dharau tu. Nthaka aliyetii wazee wake huku damu ikimchemka alifanya jambo gumu. Mwembu aliyesimama na mkuki mbele ya bunduki kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mama yake naye alifanya jambo gumu. Wote wawili walikuwa ndani ya mafundisho yao: mmoja zamu ya mkuki ilimwita, mwingine zamu ya neno ilimzuia.

Baada ya hapo zamu ya kwanza iliuawa. Kuteka mifugo kulipigwa marufuku, gaaru zikafa moja moja, na vijana walioandaliwa kulinda mipaka wakapewa sururu wachimbe barabara. Kodi ya nyumba ikawasukuma kwenye mashamba ya walowezi. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, na hasa mwaka 1917 maelfu kwa maelfu ya wanaume wa Kenya walikusanywa kubeba mizigo ya jeshi kuelekea Tanganyika. Wengi hawakurudi, njaa, malaria na kuhara viliwamaliza kabla ya risasi. Vita ilipoisha, serikali ilianza kuwavisha wanaume kipande, cheti cha utambulisho, shingoni. Na mlowezi akapata jina la kumwitia mwanamume aliyetahiriwa, mwenye mke na wana: boi. Neno hilo liliingia hata katika Kiswahili chetu. Kwa mtu aliyesimama uwanjani alfajiri bila kupepesa jicho ili asiitwe mtoto tena, hilo lilikuwa tusi zito kuliko kofi.

Wamishonari walileta shule ya aina nyingine. Kanisa la Anglikana lilifungua misheni Kigari, kwenye nchi hii ya Manyatta, mwaka 1910, na Dakta Archibald Irvine wa Kanisa la Skoti akaanza kazi Chogoria mwaka 1922. Urume sasa ulipimwa pia kwa kalamu. Mmoja wa walioishika vizuri ni Philip M'Inoti, mchungaji Mmethodisti aliyekuwa pia mtu mkubwa katika Njuri. Yapata mwaka 1930 aliandika asili ya Wameru na tabia zao, na aliiandika kwa Kiswahili. Mtu mmoja alikuwa mchungaji, mwandishi na mzee wa Njuri bila kuona kwamba moja linafuta jingine. Wakati huo huo mkuu wa wilaya ya Meru, H. E. Lambert, ambaye baadaye wasomi wa Kiswahili walimjua kwa utafiti wake wa lahaja na mashairi ya pwani, aliirudishia Njuri nafasi katika utawala wa wilaya. Katika miaka hiyo ya 1930 wakulima wa Meru, Embu na Kisii wakawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa. Zamu ya familia ikapata chombo kipya: mibuni iliyotunzwa ililipa karo ya mtoto.

Oktoba 1952 ilitangazwa hali ya hatari dhidi ya waliopigania ardhi na uhuru. Serikali iliwaweka Wagikuyu, Waembu na Wameru kwenye kapu moja, ikawapa pasi, na kuanzia mwaka 1954 ikawasukuma kwenye vijiji vya kulindwa vilivyozungukwa na mahandaki na miti iliyochongwa ncha. Msitu wa juu ya Manyatta ukawa eneo la hatari: aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi. Mwea, iliyokuwa wakati huo ndani ya wilaya ya Embu, ikajaa kambi za wafungwa, na mifereji ya mpunga tunaoula leo ilianza kuchimbwa na mikono yao.

Humo ndani urume uligombaniwa vikali. Kijana wa msituni alisema mwanamume asiye na ardhi hawezi kuoa wala kurithisha, kwa hiyo ni lazima apigane. Mwenye shamba aliyejiunga na walinzi wa serikali alisema mwanamume ni yule anayelinda boma lake na kulima, si anayekula vya wengine usiku. Ndugu wa tumbo moja walitofautiana. Kutoka Meru alipanda Musa Mwariama, aliyefikia cheo cha Field Marshal na kubaki msituni hadi Uhuru ulipokaribia. Mwaka 1963 alikutana na Jomo Kenyatta, na picha yao wameshikana mikono ingali ikichapishwa. Jenerali Baimungi, Mmeru mwenzake, alikataa kusalimisha silaha akidai wapiganaji wapewe ardhi kwanza. Aliuawa na vikosi vya serikali ya Kenya huru mwanzoni mwa 1965. Uhuru ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei.

Na tusisahau nusu ya watu. Wambeere, ndugu na majirani wa Waembu, wanamkumbuka Cierume, mwanamke aliyeongoza ngoma na kwenda vitani pamoja na wanaume, na ambaye masimulizi yanasema fimbo ilimtosha mahali wenzake walipobeba mikuki. Jina lake lina urume ndani yake, na hakuna mzee anayelisema kwa mzaha. Upande wa Nyeri, Muthoni wa Kirima, aliyefariki mwaka 2023, alipewa msituni cheo kile kile cha Mwariama. Waliowapa wanawake hao heshima walielewa kwamba neno lilizaliwa kwa mwanamume, lakini kazi yake ni ya yeyote aliyekubali kuibeba.

Leo Novemba na Desemba ndiyo majira ya jando huku. Kwa miaka mingi ratiba ilifuata mtihani wa darasa la nane, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Wavulana wengi hupelekwa hospitalini au zahanati, kidonda kinapona salama, na hilo ni jambo la kushukuru. Kinachokosekana ni miaka ya mafundisho. Mahali pengi kijana hukaa kwenye chumba cha nje, na wanaomlea ni vijana waliomtangulia kwa mwaka mmoja au miwili, ambao wao wenyewe hawakufundishwa na mtu. Wanampa walicho nacho: matusi ya kuwadharau wasichana na mama yake mzazi, chupa ya kwanza, fimbo kwa anayebisha. Anatoka hapo akiamini kwamba yeye ni mwanamume kwa sababu hawezi tena kuingia jikoni.

Matunda yake tumeyaona. Mei 2014 pombe iliyochanganywa methanoli iliua watu wengi Kenya, na Embu ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Wengine walipofuka kabla ya kufa. Wengi wao walikuwa wanaume ambao katika zama za babu zao wangekuwa katikati ya zamu ya familia. Watu husema mtoto wa kiume ameachwa nyuma. Ni kweli, lakini aliyemwacha ana jina: ni sisi, baba zake na ndugu za baba zake, tuliobakiza kisu tukatupa shule.

Ipo mifano ya kuirudisha. Hospitali ya Kanisa la Presbiteri huko Chogoria imekuwa na mpango ambao wavulana hutahiriwa na kisha hukaa pamoja, wakifundishwa na watu wazima juu ya miili yao, juu ya wasichana, juu ya kazi na ulevi. Makanisa na vikundi vya wazee vya Embu na Meru vimefanya vivyo hivyo kwa njia zao. Hilo halirudishi gaaru, wala hakuna anayehitaji irudi. Linarudisha kile kilichoifanya gaaru iwe na maana: mtu mzima mwenye sifa njema aliyekubali kukaa na kijana, kumjibu maswali, na kubeba aibu yake akikosea.

Hapo ndipo historia hii inapotudai. Urume haukuwahi kuwa kitu cha kuzaliwa nacho, ndiyo maana wazee walikijengea nyumba, ngazi na viapo. Mkuki umekwisha kazi. Zamu mbili zilizobaki, ya familia na ya neno, zina kazi tele: kulipa karo, kukataa hongo kwenye chama cha ushirika cha kahawa, kumzuia ndugu anayempiga mkewe, kumfunga mdomo kiongozi anayetugawa kwa kabila. Novemba ikija, mzazi wa Manyatta, wa Chuka au wa Maua asiulize tu kisu ni cha nani na bei gani. Ataje kwa jina mtu atakayekaa na mwanawe wiki zile, na kama hamwoni mwingine anayefaa, aombe ruhusa kazini akae mwenyewe.